Nyumba Tuliyoifukiza Kama Kibuyu

Kwenye kilio cha shemeji yangu, Mama Sifa, watu walipokuwa wamemaliza kulia kilio cha lazima na kuanza kula, Sifa alikuja kukaa karibu yangu na sahani yake ya maharage. Ni mama wa watoto wakubwa sasa, ana mwili, ana sauti, akiingia mahali benchi inajua. Alikula kidogo kisha akainama sikioni kwangu. "Baba mudogo, wale wamama wa kule nyuma wanasema koko yangu, mama ya mama, alitaka kuniua nikiwa mutoto. Eti aliniweka mu moshi. Ni kweli?" Nilitafuna polepole, maana meno yangu yanahitaji kupewa taarifa mapema. "Alikufukiza," nilimwambia. "Ni kitu ingine." Aliniangalia kama vile mtu anavyomwangalia mzee aliyechoka na anayeanza kuchanganya mambo. "Basi andika vizuri, watu waache kuongopa. Si unakaaka tu ku nyumba?" Ndiyo hivyo. Nimezeeka, nimezika karibu wote waliokuwa chini ya bati lile, na bado jina langu katika ukoo huu ni yule anayekaa nyumbani. Sikatai. Hata kuandika huku nakuandika nikiwa nimekaa.

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa hiyo hiyo, kukaa. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana sitwaye, yaani mwananchi, hata kama hatusikilizani, na mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma ya Leta, ya serikali, ambayo haikujua iende wapi, kama mwenyewe. Kaka yangu, Papa Sifa, alikuwa anafanya biashara ya samaki wa kukaushwa, anaondoka kwenda Vitshumbi na kukaa huko hadi tunasahau mahali anapoweka kofia yake. Alikuwa anaogopea kitu kimoja tu, parseli yake, yaani kiwanja na nyumba juu yake. Wakati ule Goma, mtu akiona parseli haina moshi wala nguo kwenye kamba, alikuwa anakwenda ofisini kuuliza ni ya nani, na kabla ya wewe kurudi safari, jibu lilikuwa limebadilika. "Weye kazi yako ni kukaa," kaka aliniambia. "Kukaa tu?" "Kukaa tu. Mutu akipita, aone mutu." Nimefanya kazi nyingine baadaye, zenye meza na muhuri, lakini hakuna iliyonikaa mwilini kama ile. Asubuhi nilikuwa natoa kiti mlangoni. Mchana nakirudisha ndani. Mama Sifa akirudi sokoni alikuwa anaulizia: "Parseli imeamka vizuri?" Nami namjibu kwamba imeamka, imekunywa chai.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za mtaa ule, vyumba viwili na sebule ambayo mtu mrefu akijinyoosha anagusa pande zote. Kaka aliijenga mwenyewe, na kwa sababu alipenda watu waone kwamba amejenga, aliweka mlango na madirisha yote upande wa barabara. Ukuta wa nyuma ulikuwa mbao tupu toka kona hadi kona. Nyuma ya ukuta huo ndiko mteremko ulikokuwa unashuka kuelekea ziwa, na ndiko upepo mzuri ulikokuwa unatoka. Tulikuwa tumeupa mgongo. Jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote mpaka tajiri mmoja aliponunua kiwanja cha ng'ambo ya barabara na kusema atajenga etaji, nyumba ya ghorofa.

Sasa etaji ni kitu kizuri ukiiona imemalizika. Lakini kabla haijawa etaji, ni vumbi. Makamyo yalimwaga mawe tangu jua halijapata nguvu. Wamama wa kuvunja mawe walikaa mstari mmoja chini ya maturubai, nyundo mkononi, wanageuza mwamba kuwa kokoto huku wanasengenya waume zao, na kila pigo la nyundo lilitoa unga mweusi mwembamba kama poda ya bibi harusi wa shetani. Kisha wajenzi walipasua mifuko ya simenti, wakaichanganya na mchanga kwa sepetu, na upepo ukageuka. Unga ule ulipita kwenye nafasi za mbao kana kwamba nyumba ilikuwa ni kichujio. Tuliukuta juu ya chai. Tuliutafuna ndani ya bugali. Mama Sifa aliacha kufua mashuka meupe, akisema ni kujidanganya, heri kuyaita ya kijivu na kuishi kwa amani. Mimi nilikuwa natoka kwenye kiti changu jioni nimefanana na sanamu ya misheni, na watoto wa mtaa walikuwa wanapita wakiniambia, "Muzee, shikamoo!" Sikuwa na ndevu hata moja.

Yote hayo yalikuwa ya kuchekwa hadi kifua cha Sifa kilipoanza kuimba. Alikuwa mdogo, ameachishwa ziwa si zamani, na alikuwa analala chumba cha nyuma na mama yake. Kwanza ni kikohozi kikavu. Kisha ikaja sauti ile ambayo mtu aliyeisikia mara moja haiombi tena: kila pumzi inaingia kama inalazimishwa, inatoka na mluzi, kama paka mgonjwa amefungiwa sandukuni. Mama Sifa alikuwa analala ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Alimpeleka kwa muganga wa dispansere, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, ambaye alimpa sirupu na kumwambia neno moja: "Vumbi. Mumutoe mu vumbi, mama. Kifua hiki kikifunga kabisa, mimi sina kitu cha kukifungua." Angempeleka wapi? Mume yuko Vitshumbi, soko ni lake, parseli ina macho ya watu juu yake. Na kumpeleka mtoto mbali bila mama yake, hilo hakutaka hata kulisikia. Nilimsikia mwenyewe akimwambia jirani juu ya ua: "Mutoto si kikapu, useme utamuachia mutu."

Tajiri mwenyewe alikuja siku moja, na viatu vyake vizuri, akasimama mlangoni ambapo kiti changu kilikuwa. "Sitwaye," alimwambia Mama Sifa, "juu ya nini munateseka hivi? Muniachie hapa, nitawapatia nafasi Mabanga. Kule hewa ni ya bure." Mama Sifa alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa. "Kumbe ya hapa unauzisha?" Tajiri alicheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka tu, na akaondoka akikung'uta suruali. Mama Sifa aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mchele mzuri na kuacha mawe.

Ndipo alipokuja Mukecuru. Ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita mama mzee kwa heshima, nasi wote tulimwita hivyo, hata binti yake Mama Sifa akiwa na hasira. Alishuka kutoka milima ya Masisi juu ya kamyo ya viazi, na kitenge chake safi, fimbo, na kibuyu cha maziwa alichokipakata safari nzima kana kwamba ndicho mjukuu. Aliingia, akapitisha kidole juu ya meza, akakiangalia kidole, akaniangalia mimi. "Na huyu anafanya nini hapa?" "Analinda parseli, Mama," shemeji alisema. "Aah. Ni kufuli." Toka siku ile nikaitwa Kufuli. Kufuli, leta maji. Kufuli, kula. Alinipenda, nafikiri, kwa namna ambavyo mtu anapenda ng'ombe asiyetoa maziwa lakini ana tabia.

Tulizungumza mambo ya mtoto kwenye bugali, vichwa vitatu juu ya sinia moja, na tukakubaliana wote kwamba vumbi linaingia kwa kuwa nyumba ina matundu. Mama Sifa alileta magazeti ya zamani kutoka sokoni. Mukecuru alipika uji mzito wa unga wa muhogo. Mimi nilikuwa nabandika, na hiyo kazi niliipenda, maana ilifanyiwa ndani. Ila niliifanya polepole, kwa kuwa nilikuwa nasoma kila ukurasa kabla ya kuubandika. "Angalia mutu wa sekondari," Mukecuru alikuwa anasema, "anasoma ukuta." Tuliziba kila nafasi: matambara kwenye kona, udongo chini ya kizingiti, gunia juu ya mlango. Na kwa kuwa jikoni kwetu nje palikuwa pamegeuka kuwa sahani ya kokoto, tuliingiza ndani mbabula, lile jiko la makaa, pamoja na makala yake, tukawa tunapika sebuleni. Meza ilianza kuonekana rangi yake. Chai ilirudi kuwa chai. Tulijisifu. Nilikuwa naamka na kichwa kizito, na Mukecuru akasema ni maandishi ya gazeti, yameingia kwa macho na hayajui pa kutokea. Kifua cha mtoto hakikunyamaza. Kilibadilisha saa za kuimba tu.

Hapa ndipo wale wamama wa nyuma ya kilio wanapopotosha. Nilipokuwa kijana nami sikuelewa, nimeelewa baadaye nilipotembea kwa wafugaji. Kwa watu wa ng'ombe, moshi si uchafu. Moshi ndio usafi wenyewe. Kibuyu ukikiosha kwa maji tu, maziwa yatalala humo usiku mmoja na asubuhi yamekuwa kitu kingine. Unakiosha, unakikausha, kisha unawasha majani ya harufu, unakifunika kinywa juu ya moshi hadi kimeshiba ndani. Mke mzembe anajulikana kwa kibuyu kisichofukizwa. Mukecuru alikuwa amefukiza vibuyu tangu utoto wake, na hakuna mtoto aliyekunywa humo akaumwa tumbo. Sasa muangalie alivyoiona nyumba yetu: chombo kimezibwa vizuri kila upande, lakini ndani kimebaki na kitu kibaya kinachomdhuru mtoto. Mtu wa Masisi anafanya nini na chombo cha namna hiyo? Hakuhitaji kumuuliza mtu.

Ilikuwa mchana, Mama Sifa yuko sokoni. Ng'ambo walikuwa wanamwaga zege ya sakafu ya kwanza, na barabara yote ilikuwa wingu jeupe. Nilikuwa nimeingiza kiti changu na kufunga mlango na gunia lake. Mukecuru alitoa kifurushi cha majani makavu aliyokuja nayo, akayaweka juu ya makala ya mbabula, akaanza kuzunguka vyumba nayo, akiongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, maneno mazuri ya kutuliza, yale anayoambiwa ndama. Harufu ilikuwa tamu. Nasema ukweli, nilivua shati langu na kumpa alifukize. "Kufuli naye anataka kunukia," alicheka. "Utaoa nani, na hautokake inje?" Nilianza kutafuta jibu, na jibu halikuja, na nikaona kwamba hata jina la jirani yetu halikuja, na miguu yangu ilikuwa mbali kama ya mtu mwingine. Mukecuru ndiye aliyesimama ghafula katikati ya sebule. Aliinua mkono kama anayesikiliza ng'ombe mbali. "Juu ya nini amenyamaza?"

Ni kweli, mluzi ulikuwa umekwisha. Alimtoa Sifa kitandani, kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma juu ya mkono wake, midomo imekuwa na rangi ya mawe. Nilivuta mlango. Wingu lote la simenti likaingia usoni mwetu kama mgeni aliyesubiri nje, na Mukecuru akapiga kelele: "Funga! Si huku! Si huku!" Na huku kwingine hakukuwa na mlango. Huku kwingine kulikuwa ukuta wa kaka yangu, alioujenga ili watu wa barabarani wamwone. Mimi ambaye nililetwa kulinda nyumba ile, niliipiga teke. Mbao haikushtuka. Niliipiga kwa bega, kisha kwa kiti changu, kiti kikavunjika kabla ya ukuta, kisha kwa jiwe lililokuwa linashikilia mbabula, na misumari ikalia, na ubao mmoja ukatoka pamoja na ukurasa mzima wa habari. Mukecuru alinisukuma, akapenyeza mtoto kwenye ile nafasi hadi mabega, nje, upande wa ziwa, na kumshika hapo kwa mikono yake miwili huku makala yanatawanyika miguuni pake. Nilikuwa nakanyaga makala na kung'oa ubao wa pili. Sijui ilichukua muda gani. Najua upepo uliingia ukiwa baridi, na kutoka upande ule wa mbao tukasikia kikohozi, kidogo, kikavu, halafu kilio. Mukecuru hakulia. Alikaa chini mahali pale pale, bado mikono yake imetoka nje ya nyumba, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie vizuri: "Kufuli, mimi nimefukiza mutoto kama kibuyu."

Muganga alikuja mwenyewe jioni, akaangalia magazeti, akaangalia mbabula, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona jambo hilo nyumba nyingi. "Mulifunga vumbi inje na mukafungia moshi ndani," alisema. "Makala inakula hewa ya mutu bila hata kumuonyesha moshi." Hakumlaumu mtu. Alituambia lile shimo tusilizibe, bali tulifanye dirisha. Makala yarudi nje, upande wa ziwa, na yasiingie tena hata mvua ikinyesha. Asubuhi tusifagie na ufagio mkavu, kwa kuwa ufagio unaliamsha vumbi na kulipeleka mapafuni. Tupanguze kwa kitambaa chenye maji. Upande wa barabara tutundike shuka lililoloweshwa, na tulioshe likijaa. Nilikata dirisha lile mimi mwenyewe, limepinda hadi leo. Mama Sifa alivuka barabara akawaomba wale wamama wa kuvunja mawe wanyunyizie maji mawe yao kabla ya kuyapiga, na wao wakakubali mara moja, maana vifua vyao navyo vilikuwa vinaimba na hakuna aliyekuwa amewauliza. Tajiri alitoa mapipa. Nyumba ilibadilika. Usiku ule wa kwanza nililala na nikaamka na kichwa changu.

Lakini Mukecuru hakuingia tena ndani. Alikaa nje, chini ya dirisha jipya, mgongo kwenye mawe ya msingi, anasikiliza pumzi ya mtoto kupitia ule uwazi, na Sifa akitembea kumfuata, yeye anaficha mikono yake ndani ya kitenge. "Mupelekee mama yake," alikuwa ananiambia. Nilijaribu kumchokoza. Nilimwambia kwamba sasa yeye ndiye kufuli na mimi ni mlango. Hakucheka. Majirani walikuwa wameshaanza: yule mama wa milimani, yule wa moshi, unajua watu wa kule. Walikuwa wanasema wakipita barabarani, si kwa sauti kubwa, lakini nyumba yetu ya mbao haikuwahi kuzuia kitu.

Papa Sifa alirudi kutoka Vitshumbi ananuka samaki, akaona shimo kwenye ukuta wake kabla ya kumwona mtoto wake. Aliambiwa. Alikaa. Usiku mzima, Mama Sifa aliniambia, alisikiliza kifua kile, maana kilikuwa kimepona nusu tu. Etaji ilikuwa ndiyo kwanza imefika sakafu ya pili, na siku za upepo mluzi ulirudi hata na shuka zetu na maji yetu. Asubuhi tulikaa wote nje kwenye chai. Kaka alisema atauza parseli. Alilisema vile mtu anavyosema atakata mkono. Mama Sifa aliweka kikombe chini. "Hauuze. Etaji itakwisha, kifua cha mutoto kitabaki." Kisha alimgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa mbali kidogo, karibu na ukuta. "Mama, umupeleke weye. Mu milima. Mpaka wamalize."

Mukecuru aliangalia nyuma yake, kana kwamba kuna mama mwingine. "Mimi? Watu watasema nini?"

"Watu walikuwa wapi?"

"Ni mimi nilimutia mu moshi."

"Na ni weye ulisikia amenyamaza," Mama Sifa alisema. "Kufuli alikuwa anavua shati."

Ilikuwa kweli. Mukecuru alitoa mikono yake ndani ya kitenge, akaiangalia pande zote mbili, akamnyooshea mtoto. Waliondoka na kamyo iliyokuja kuchukua chumvi. Mama Sifa alirudi nyumbani, akachukua kitambaa chenye maji, akapanguza meza, dirisha, kitanda kisicho na mtu. "Shemeji, pumuzika," nilimwambia. "Nitapumuzika akirudi," alisema, na kweli, miezi yote ile sikumwona amekaa. Alipanguza nyumba kila asubuhi kama vile anayepanguzia yuko chumbani. Hewa yetu ilikuwa nzuri sana wakati ule. Tuliivuta sisi wawili, bila hamu.

Etaji ilipowekwa bati, ujumbe ulipelekwa Masisi kwa mdomo wa shofere. Nami siku ile niliacha parseli peke yake, mlango wazi, nikamfuata shemeji hadi mahali ambapo makamyo ya milimani yanasimama. Sifa alikuwa juu ya magunia ya viazi, mnene, mashavu yamepasuka kwa baridi, anatukana mbuzi kwa Kinyarwanda. Mama yake alimpokea kutoka juu, hakumbusu, hakumsalimia. Alipiga magoti katikati ya abiria na magunia, akafungua gauni la mtoto, akaweka sikio lake kifuani. Watu walimzunguka. Mtoto alishangaa, akaanza kumshika shemeji nywele. Shofere alipiga honi. Mama Sifa aliinua mkono anyamaze, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza upande mwingine, akafunga macho.

"Hakuna kitu," alisema. Kisha akainua uso kwenye kamyo na kusema kwa sauti ambayo hata wamama wa mbali waliisikia: "Mama, hakuna kitu!"

Ndipo Mukecuru, ambaye alikuwa bado amekaa juu ya magunia na fimbo yake, aliponipa mkono ili nimshushe.